Dashibodi ya Peugeot 504 yangu haikuhitaji puti

Mtu akikwambia dashibodi iliyopasuka huzibwa kwa puti ya bodi, ile ya kuzibia mabonde ya mabati ya gari, achana naye. Ushauri huo nimeupata karibu kila gereji niliyopita hapa Arua, Uganda, na fundi mmoja akaniapia, "Mzee, hii ni kazi ya asubuhi moja." Akaijaza nyufa puti, akapiga msasa, akapuliza rangi nyeusi. Kwa macho ilipendeza kweli. Jua la Januari lilipoanza, puti ikaachia kingo, vipande vikanyanyuka vikiwa vimeng'ang'ania ngozi ya dashibodi, na ufa uliokuwa wa kuingia kucha ukawa wa kuingia kidole.

Puti ni ngumu, dashibodi haitulii. Mchana inatanuka, usiku inasinyaa. Tena plastiki ile hutiwa kiwandani kilainishi ambacho joto hukitoa kidogo kidogo. Ule ukungu wa mafuta mnaoufuta ndani ya kioo cha mbele, sehemu kubwa ni hicho. Kikiisha, ngozi inakakamaa na kuvutana, sponji ya chini inakuwa unga, basi inapasuka. Wengine wakaniambia niitandikie kizulia yaishe. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, halafu mimi niifunike kizulia!

Nikaifungua yote. Kufungua sisimulii, ila piga picha za waya kabla hujagusa soketi. Puti ya yule fundi niliibandua yote, nikakata kingo za kila ufa zikae mshazari, nikakwangua sponji iliyooza, nikafuta kwa spiriti mara nyingi. Kama umezoea kupuliza dawa ya kung'arisha dashibodi, futa zaidi, kwa sababu silikoni yake hukataza gundi kushika.

Ufa niliujaza gundi nyeusi ya kubandikia vioo vya mbele. Ikikauka hubaki kama mpira, inakwenda na dashibodi popote inapokwenda. Jaza kwa tabaka nyembamba, maana hukauka kwa unyevu wa hewa, na ukiirundika pamoja ndani hubaki bichi. Kuisawazisha ni kwa wembe mpya. Msasa unainyofoa tu. Juu yake nikalaza sponji nyembamba ili mabonde yasionekane.

Reksini, yaani ngozi bandia ya kuvalishia dashibodi, niliagiza Kampala, ikaja na basi. Shika upande wa nyuma uvute: kitambaa chake kiwe cha kufuma kama cha fulana, kivutike pande zote. Ile ya viti yenye mgongo wa turubai haikunji kona. Rangi iwe nyeusi isiyong'aa, la sivyo mchana utaiona dashibodi kwenye kioo badala ya barabara. Na gundi iwe ya kuvumilia joto, kwani ya viatu huachia gari likikaa juani. Paka pande zote mbili, dashibodi na mgongo wa reksini, ngoja isinate kidoleni, ndipo ubandike kuanzia katikati kwenda nje.

Pale juu ya mita ndipo palipo na kazi. Kuna bonde, na reksini ukiivuta inaruka bonde hilo, inabaki hewani kama ngozi ya ngoma. Niliilainisha kwa draya ya saluni ya mke wangu, nikaisukuma kwa vidole, inakaa, ikipoa inanyanyuka tena. Ndipo nikajaza mchanga kwenye soksi nzito, nikauanika juani mpaka ukawa moto, nikapasha reksini na kulaza soksi zile bondeni. Mchanga ulikaa sawasawa na umbo lake, ukakandamiza kila mahali kwa uzito uleule, na joto lake likadumu gundi ikishika. Nikaacha mpaka asubuhi. Hakuna kiputo hata kimoja, na mshono sikuhitaji!

Vifaa vyote vilikula kama laki tatu na kitu, pungufu ya bei niliyotajiwa ya dashibodi kuukuu. Matundu ya hewa usiyatoboe siku hiyohiyo: ngoja gundi ikomae, kata alama ya msalaba, kunja ncha kwa ndani na uzibandike.