Mwako wa NGC 7392

Juzi mpwa wangu kanibana: "Mjomba, shimo jeusi si halitoi mwanga? Sasa mnajuaje limekula nyota?" Nikamjibu kwa mkato, lakini mawazo yakaenda kwenye ile grafu ya mwangaza wa galaksi ya NGC 7392.

Galaksi hiyo iko umbali wa miaka-nuru milioni 137 hivi. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba kilichowaka katikati yake mwishoni mwa 2014 ni nyota iliyochanwa na shimo jeusi. Data za NEOWISE, setilaiti ya NASA iliyopima infraredi (mwanga wa joto usioonekana kwa macho), ziko wazi kwa yeyote, basi nikaona nijichoree mwenyewe. Unapakua vipimo vya kila picha, unatupa vilivyochafuliwa na mwanga wa Mwezi au na chembe za angani zinazogonga kamera. Setilaiti ilipita eneo lilelile kila baada ya miezi sita hivi, ikipiga picha kadhaa. Za kila mpito unazifanya nukta moja kwa kuchukua kipimo cha kati. Usipochuja, kila chembe iliyogonga kamera utaiita nyota inayokufa.

Grafu ikatokea. Nukta za 2010 zimelala. Pengo, setilaiti ilipokuwa imezimwa kwa muda. Katikati ya 2014, bado zimelala. Halafu hizo, juu! Tena kwenye mawimbi ya infraredi ya urefu wa mikromita 4.6 zimeruka kuliko kwenye 3.4, kwa kuwa huko mwanga wa nyota za kawaida ni hafifu na vumbi la moto ndilo linaloshika usukani. Nilivuta kiti karibu, nikaikuza ile sehemu, nikaikuza tena.

Nyota kama Jua ikifika kilomita milioni 70 hivi kutoka shimo lenye uzito wa Majua milioni moja, upande wake wa karibu huvutwa kuliko wa mbali hadi inashindwa kujishikilia. Karibu nusu yake hutupwa nje. Nusu hurudi na kuwaka kwa urujuanimno na eksirei. Vumbi humeza mionzi hiyo, likapata moto, likatoa infraredi. Vumbi la mbali hufikiwa baadaye, ndiyo maana mwako hufifia kwa miaka.

Ila supernova, yaani mlipuko wa nyota, nayo hupasha vumbi moto. Mwako ulioonekana mwaka 2005 huko Arp 299, galaksi mbili zinazogongana, ulidhaniwa kuwa supernova, mpaka darubini za redio zikaonyesha mkondo wa mata uliorushwa kutoka kwenye shimo jeusi ukirefuka. Matokeo yalichapishwa 2018. Grafu yangu peke yake isingemnyamazisha mbishi. Hata mimi, siku nyingine, bado naibishia.