Keki ikatwe kabla ya saa 4 na nusu

Sherehe ya mtoto wa miaka mitatu ina saa mbili tu. Zikipita hizo, inabaki ya wakubwa. Kila nikiwaza maandalizi ya bustanini narudi palepale: desturi yetu ya kuchelewesha keki haimtendei haki mwenye siku yake. Wageni wanaalikwa saa 8 mchana, foleni inawafikisha saa 10, wanakula, wanapiga picha, na keki inaletwa giza likibisha hodi. Mtoto ameshapitiliza usingizi wake, analia, na bado anatakiwa awalishe keki watu wazima 15, mmoja baada ya mwingine. Wanaolishwa wawe watatu au wanne: wazazi, bibi, na somo wake kama yupo. Wengine wapewe kwenye sahani.

Kwa bustani ya wazi hapa Dar nachagua asubuhi, saa 3 hadi saa 5, na keki kabla ya saa 4 na nusu hata kama shangazi yuko njiani. Jioni si pana kama tunavyodhani. Jua linazama kati ya saa 12 na dakika chache na saa 12:45 mwaka mzima, na nusu saa baadaye huoni mtoto amekimbilia wapi. Anayetaka alasiri aanze saa 9 na nusu.

Mahali pakaguliwe wiki moja kabla, siku ileile na saa ileile. Iwe Mnazi Mmoja, iwe ufukwe wa Coco au uwanja wa mtaani kwenu, muulize kwanza anayepasimamia kama watu 25 na spika wanaruhusiwa, na kwa malipo gani. Uliza choo kiko wapi na kinafunguliwa saa ngapi, maana mtoto wa umri huu akisema anataka kojo hana dakika tano za kusubiri. Kisha tazama kivuli. Asubuhi kinalala magharibi ya mti na kinafupika kila dakika, kwa hiyo mkeka utandikwe karibu na shina, la sivyo saa 4 mko juani. Alasiri ni kinyume chake: kinaelekea mashariki na kurefuka.

Halafu inua macho. Chini ya mnazi wenye nazi hapakaliwi, hata kama kivuli chake ni kizuri. Kwenye mwembe tafuta majani yaliyoshonwa pamoja kama kifuko. Hayo ni makazi ya maji moto, wale chungu wakali wa mitini, na wakishuka mkekani sherehe imekwisha. Mwarobaini ni salama zaidi.

Kunguru ndio wageni msiowaalika. Kunguru wa Dar hangoji mkono wa mtoto ushuke, anachukua sambusa hewani. Chakula kikae ndani ya hotipoti na vyombo vyenye vifuniko, kitolewe sahani kwa sahani. Keki ibaki kwenye boksi lake mpaka dakika ya kuwasha mshumaa.

Keki ya kilo 2 inawatosha watu 25 ukikata vipande vya gramu 80 hivi. Ugumu ni joto. Siagi inalegea kabisa ikikaribia nyuzi 32, kwa hiyo maua ya krimu ya siagi tupu yatateleza kabla hamjaimba. Mwambie mpishi achanganye na mafuta magumu ya mboga, au aache pambo, atie jamu katikati na kunyunyiza sukari ya unga juu. Fondanti, ile sukari laini ya kufunika keki, ikitoka kwenye friji kuingia kwenye unyevu wetu inatoka jasho na rangi zinachuruzika. Usafiri wa keki ni bajaji au gari, boksi likiwa limelazwa sakafuni, si mapajani. Bodaboda hapana. Mshumaa mmoja mnene unashinda mitatu myembamba, na mfuniko wa boksi unatosha kukinga upepo wa bahari.

Chakula kiwe kidogo na kikavu: sambusa mbili kwa mtoto, nne kwa mkubwa, kachori, matunda. Chochote chenye nyama, maziwa au mayai kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 kisizidi saa moja. Mishikaki ichomolewe vijiti kabla ya kufika kwa watoto. Karanga nzima sizitaki kabisa kwa walio chini ya miaka mitano, wala zabibu ambazo hazijapasuliwa kwa urefu; ni saizi ya koo lao. Vivyo hivyo vipande vya puto lililopasuka. Nyasi kavu na jua hupasua maputo haraka, basi yafungwe juu, na mtu mmoja awe na kazi ya kuokota kila kipande papo hapo.

Maji: ndoo ya lita 20 yenye koki kwa kunawa, sabuni, na nusu lita ya kunywa kwa kila mtu. Juisi ya ukwaju au ubuyu itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa. Barafu ya kununua ibaki nje ya chupa, ndani ya deli.

Michezo isiwe mingi. Kombolela iachwe nyumbani, kwani bustanini hutaki mtoto ajifiche. Mapovu yanatosha nusu saa nzima: vikombe 6 vya maji, kikombe 1 cha sabuni ya kuoshea vyombo, kijiko 1 cha gliserini, vichanganywe usiku wa kuamkia. Kila watoto wanne wawe na mtu mzima wao anayejulikana kwa jina, asiyeshika simu, na zamu ibadilishwe kila dakika 20. Ufukweni, mmoja asimame kati ya mkeka na bahari muda wote, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa sana.

Masika na vuli, beba turubai la mita 4 kwa 6 na kamba.

Watoto wa jirani watasogea, kwa sababu bustani ni yao pia. Sambusa 10 za ziada na kipande cha keki kilichotengwa kwa ajili yao vihesabiwe tangu sokoni. Siwezi kuelewa sherehe ya mtoto inayomfukuza mtoto.

Zawadi za kuondokea zitiwe kwenye bahasha za kaki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ni marufuku tangu Juni 1, 2019. Viroba viwili vya taka viende na kurudi na nyinyi. Saa 5 kasorobo wahesabuni watoto, mmoja mmoja kwa kumgusa bega, ndipo mkunje mikeka.