Nilivyoachana na nyaya za Y: uzoefu wangu wa kuwagawia sauti wapiga picha

"Chomeka Y tu kaka, sauti ni sauti." Maneno haya, kuhusu waya wa Y unaogawa tundu moja la sauti kuwa mawili, niliyasikia kwa mafundi wenzangu, kwa wauzaji, hata kwa bosi wangu wa kwanza, nikayaamini miaka mitatu. Wiki iliyopita nilikuwa dukani Kariakoo nikamkuta kijana anauziwa nyaya sita za aina hiyo kwa ajili ya mkutano na waandishi wa habari, na muuzaji anamwambia yaleyale. Damu ilinichemka. Nilimvuta pembeni yule kijana tukaongea, na haya ndiyo niliyomwambia, ila hapa nayasema kwa urefu.

Mimi hufunga vyombo Dar es Salaam: harusi, semina, ibada za nje, mikutano ya hotelini. Siku iliyonibadilisha, mteja aliniambia kamera zitakuwa tatu, zikizidi sana nne. Zikaja 11. Meza kuu ilikuwa na maiki nne, mikisa yangu, ile mashine ya kuchanganya sauti, ilikuwa ya chaneli 12 na auksi mbili, yaani matundu ya pembeni ya kutolea sauti, na moja nilishaipeleka kwenye spika ya meza kuu. Nimebaki na auksi moja, na mbele yangu watu 11 wamenyoosha nyaya. "Fundi, nipe sauti." "Fundi, mimi wa redio, saa nne naingia hewani."

Nikafungua begi nikaanza kuunga. Y moja ikazaa mbili, mbili zikazaa nne, nyingine nikaazima kwa wapiga picha wenyewe. Saa nne kasoro dakika chache kila mtu alikuwa na hedifoni masikioni na ananionyesha dole gumba.

Dakika ya 20 hivi, mzungumzaji amefika kwenye lile jambo lililowaleta watu wote pale, sauti ikakatika. Ukumbini ilikuwa safi kabisa, spika zinatoa kama kawaida. Imekatika kwenye kamera zote kwa mpigo mmoja. Niliona vichwa 11 vikigeuka kunitazama, na sijaisahau hali ile mpaka leo.

Nikaangalia auksi kwenye mikisa: taa zinacheza. Nikabadilisha waya wa kwanza: kimya. Ikabidi nipige magoti nianze kuchomoa mmoja baada ya mwingine, huku namuuliza yule wa redio kwa ishara kama imerudi, naye anatikisa kichwa. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila ninayemfikia anashika waya wake kwa mikono miwili akidhani nimekuja kumkatia. Wa tisa alikuwa dada mmoja wa televisheni ya mtandaoni. Jeki yake ndogo ilikuwa imekanyagwa na mguu wa stendi ya jirani yake, shingo imepinda, waya wa ndani umelala juu ya ganda. Nilipoichomoa hiyo, wengine wote wakapata sauti papo hapo. Zilishapita dakika sita, na dakika zote sita yule wa redio alikuwa hewani.

Na hiyo iliyorudi ilirudi na mngurumo. Kompyuta moja ilikuwa imechomekwa chaja upande wa pili wa ukumbi, kwenye soketi ya njia nyingine ya umeme, na kelele yake ikawa ya wote. Hapo ndipo kaka mmoja akanishauri nivunje pini ya erthi ya plagi ya mikisa. Nilikataa, na nitaendelea kukataa. Erthi ya umeme wa volti 230 ndiyo inayomlinda mtu anayeshika maiki ya chuma na kuisogeza mdomoni. Mngurumo hauui mtu. Kama ni kukata kitu, unakata kile kiungo cha pini namba 1, ile ya ardhi, ndani ya waya wa sauti, upande wa anayepokea, na plagi ya ukutani huigusi kabisa.

Jioni ile nilikwenda kwa mzee mmoja anayetengeneza redio na amplifaya tangu enzi za redio za mbao. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, leo nimeaibika." Akaitikia, akaniacha nimalize, kisha akaniuliza: "Nyumbani kwako mmepanga wangapi kwenye LUKU moja?" Nikamwambia wanne. "Mmoja akichomeka pasi mbovu, nani anakaa gizani?" Nikasema wote. Akasema, "Basi hizo Y zako ni nyumba ya LUKU moja. Unachohitaji ni kila mpangaji na swichi yake."

Kitu alichokuwa anakizungumzia ni amplifaya ya kugawa sauti. Wengi wakisikia amplifaya wanafikiria spika na makelele. Hii haiongezi ukubwa wa sauti, au ikiongeza ni kidogo tu. Ina tundu moja la kuingizia, au mawili kwa stereo, na matundu mengi ya kutolea, kwa mfano manane. Nyuma ya kila tundu la kutolea kuna kiamplifaya chake kidogo, mara nyingi IC (chipu) za bei rahisi kama NE5532, na kizuio (rezista) cha makumi kadhaa ya ohmu, kipimo cha ukinzani wa umeme, kabla ya kutoka nje. Mtu akigongesha nyaya zake kwenye tundu la tatu, shoti inaishia tundu la tatu. La nne halina habari.

Mzee alinisahihisha na jambo jingine. Nilikuwa nasema Y ni mbaya kwa sababu zinapunguza sauti. Akachukua kalamu. Tundu la laini la kamera, yaani la kupokea sauti yenye nguvu kama ya mikisa, huwa na ukinzani wa ohmu 10,000 hivi. Ukiunganisha 11 pamoja unapata kama ohmu 900, na mikisa yenye ohmu 100 za kutolea inayabeba bila shida. Lakini wakichomeka kwenye matundu ya maiki, ambayo huwa na ohmu 2,000 hivi, 11 yanakuwa ohmu 180, na hapo ndipo mikisa inaanza kulemewa. Juu ya hayo, mmoja akisahau kuzima umeme wa maiki wa volti 48 kwenye kamera yake, unapanda kwenye Y na kutembelea vifaa vya watu wote. Kupungua kwa sauti ni tatizo dogo. Tatizo kubwa ni kwamba kosa la mtu mmoja linawafikia wote.

Bei ya amplifaya yenyewe ya kugawa ilikuwa juu ya uwezo wangu wakati ule. Ndipo nikafanya kitu ambacho hadi leo najivunia. Nilikuwa na amplifaya ya hedifoni ya matundu manane, ile ya studio ya kuwasikilizisha wanamuziki, niliinunua kwa mtu aliyefunga studio yake, laki moja na ushee. Nikawaza: hii nayo ina tundu moja la kuingizia na amplifaya nane zinazojitegemea. Tofauti iko wapi?

Nikaijaribu nyumbani. Nikaingiza wimbo wa bongo fleva, nikachukua waya wangu wa jeki kubwa kwenda kenoni (XLR, ile plagi ya pini tatu), nikachomeka kwenye mikisa. Mwimbaji hayupo! Ngoma ya chini hakuna, besi hakuna. Kilichobaki ni mwangwi wa mbali na vigitaa vya pembeni. Nikabadilisha tundu, nikabadilisha waya, hali ileile. Nikalala nikiamini mashine imekufa.

Saa tisa usiku nikaamka na jibu kichwani. Jeki ya hedifoni ncha yake inabeba kushoto, pete inabeba kulia, na ganda ni ardhi. Waya wa balansi wenye umbo lilelile, ncha inabeba sauti na pete inabeba sauti hiyohiyo iliyogeuzwa, na mikisa kazi yake ni kutoa moja kwa nyingine, kama hesabu ya kutoa, ili kelele iliyoingia sawasawa kwenye zote mbili ife. Sasa mimi nilikuwa naipa kushoto na kulia, na chochote kilicho katikati, yaani mwimbaji, ngoma na besi, kiko sawasawa pande zote mbili. Kitu ukikitoa kwa chenyewe unabaki na sifuri. Mwimbaji alikuwa anafutwa na mikisa yangu mwenyewe.

Asubuhi nikachomea nyaya nane mpya. Ncha kwenda pini 2 ya kenoni, ganda kwenda pini 1 na pini 3 pamoja, na ile pete nikaikata na kuiacha haigusi kitu. Hapo kwenye pete uwe makini sana: ukiiunga na ganda unaipiga shoti amplifaya ya kulia. Nikachomeka, na mwimbaji akarudi mzima.

Tangu siku hiyo najua pia kwa nini video nyingine mtandaoni zinaonekana mdomo unacheza na sauti haipo ukizisikiliza kwa simu. Mpiga picha ametumia waya wa kenoni kwenda jeki ndogo ya stereo, pini 2 imeenda kushoto, pini 3 imeenda kulia ikiwa imegeuzwa. Kwenye hedifoni anasikia, ingawa sauti inakuwa kama imetanda nyuma ya kichwa. Ikifika kwenye simu yenye spika moja, pande mbili zinajumlishwa na kufutana. Ukimsikia mpiga picha analalamika kwamba sauti "imekaa ajabu", mtazame waya kwanza.

Jambo jingine la kamera: nyingi ndogo zina tundu la maiki tu, na sauti ya laini kutoka kwenye mikisa ni kubwa mno kwake, inapasuka. Ninatengeneza vipunguzio vyangu ndani ya kasha la jeki: kizuio cha ohmu 10,000 njiani, kingine cha ohmu 100 kati ya sauti na ardhi. Sauti inashuka mara mia moja hivi, yaani desibeli 40. Gharama yake haifiki bei ya chapati mbili. Ninabeba sita begini, nimezifunga utepe mwekundu, na mwisho wa kazi ninazidai moja moja maana watu wanaondoka nazo.

Na auksi iwe ya kabla ya feda, kile kitelezi cha chaneli cha kupandisha na kushusha sauti. Ukichukua sauti ya wanahabari baada ya feda, maiki ikianza kupiga miluzi ukashusha feda yake, umewashusha na wao.

Ile ya hedifoni niliitumia kama mwaka na nusu. Kasoro yake ni kwamba matundu yake si ya balansi, kwa hiyo waya ukizidi mita kumi na kupita karibu na nyaya za taa inaokota kelele, na kila tundu lina kitufe cha sauti ambacho wapita njia hupenda kukizungusha. Nilivibandika kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Baadaye nikapata amplifaya halisi ya kugawa, iliyotumika, ya matundu manane, kwa kama mara nne ya bei ile. Nimeiongezea transfoma mbili za uwiano wa 1:1, zisizopandisha wala kushusha sauti, ndani ya kiboksi, kwa ajili ya watu wa kompyuta na chaja zao, kwa sababu transfoma inapitisha sauti bila ardhi za pande mbili kugusana. Mngurumo uliokuwa unanitesa huwa unazimika hapohapo ninapochomeka kile kiboksi. Siku zisizo na mkutano amplifaya hiyo inakaa studio kwa rafiki yangu, inapeleka mchanganyiko mmoja kwenye kinasa sauti, kwenye kompyuta ya mubashara na chumba cha pili, na ile ya hedifoni imerudi kwa wanamuziki.

Mwezi uliopita nilikuwa na kamera 14. Saba kwenye amplifaya, saba kwenye ile ya hedifoni niliyoiazima tena kwa siku hiyo na kuilisha kutoka tundu moja la ile kubwa. Matundu yote nimeyaandika namba kwa kalamu nene. Katikati ya hotuba kijana mmoja akainua mkono: hana sauti. Nikatazama wengine, wote wanaandika na kurekodi, hakuna aliyegeuka. Nikaenda taratibu kwenye namba sita, nikachomoa, nikautazama waya wake: shingo ya jeki imepinda, ganda limegusa. Nikampa wa kwangu. Yule kaka wa redio alikuwa namba mbili, hewani, na hakujua kama kuna kilichotokea.