Siku Moja Maishani Mwangu: Dizaina wa Lebo, Kariakoo

Saa 1:00 asubuhi
Ofisi yetu ni chumba kimoja ghorofani, Kariakoo, juu ya maduka ya vifungashio. Nikifika tu nawasha skrini, ingawa sina kazi nayo bado, kwa sababu leo ni siku ya kuipima rangi na inataka kama nusu saa ipate joto. Navuta pazia la upande wa barabarani. Jua likipiga kwenye kioo, hakuna rangi ya kuaminika hapo.

Saa 1:30
Kipima rangi ni kidude cha kuenea kiganjani, chenye waya wa USB na kihisi upande wa chini. Unakilaza juu ya kioo, programu inaonyesha rangi moja baada ya nyingine, chenyewe kinasoma kila rangi ilivyotoka. Mwisho programu inaandika wasifu wa kuirekebisha skrini hiyo. Spyder na Calibrite ndiyo majina yanayojulikana zaidi. Skrini nyingi zinatoka dukani ziking'aa kupita kiasi. Ukizifanyia kazi hivyohivyo, utaiona picha ina mwanga wa kutosha, halafu kwenye karatasi inatoka giza, na lawama zote anabebeshwa mchapaji. Kijana anayeanza kazi hii akiniuliza anunue nini, simtajii kompyuta mpya. Namwambia atafute vifaa vya kupimia kwanza. Vya kuchorea vitafuata.

Saa 3:00
Anaingia mama mmoja anayesaga na kufungasha viungo vya pilau.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea chupa yenyewe, maana kwenye simu hatukuelewana."

Hapo kanifurahisha sana. Lebo ya kuzunguka chupa haikadiriwi kwa macho. Natoa kalipa, kile kipimo cha mafundi mitambo chenye taya mbili, naibana chupa katikati: milimita 62.4. Nazidisha kwa 3.1416, napata milimita 196 za mzunguko. Naongeza 5 ili ncha moja ilale juu ya nyingine, na 3 kila upande ambazo kisu cha kukatia kitazila. Kisha napima kimo, kuanzia chini hadi pale bega la chupa linapoanza kupinda. Lebo ikivuka hapo inakunjamana, na hakuna gundi ya kuinyoosha.

Rangi anataka "kijani cha jani la mgomba, lakini changa". Namfungulia kitabu cha Pantone, vile vijikaratasi virefu vinavyofunguka kama upepeo, na tunasogea dirishani kwenye mwanga wa mchana. Mfumo huu ulianza mwaka 1963 na mpaka leo unamaliza ubishi, kwani mimi na mteja tunashika namba moja badala ya kila mtu kubaki na kijani chake kichwani. Namba hiyohiyo ikiwa na herufi C ni ya karatasi yenye mng'ao, ikiwa na U ni ya karatasi isiyopakwa kitu, na ukiziweka pamoja unaona tofauti waziwazi. Mama anachagua. Kwa kuwa lebo zake ni chache na zitachapwa kwa rangi nne za kawaida, namwonyesha pia kwenye kitabu cha pili kijani chake kitakavyokuwa kikichanganywa kwa wino hizo nne. Kimepoa kidogo. Anakiangalia kwa muda, anakubali. Afadhali akione leo kuliko siku ya kupokea mzigo.

Saa 5:00
Sasa nachora. Tableti yangu haina skrini, ni ubao mweusi na kalamu isiyotumia betri. Ziwe Wacom, Huion au XP-Pen, nyingi za siku hizi zinatambua ngazi 8,192 za mkandamizo, na kwangu hilo lina maana kubwa kwenye kitu kama karafuu. Bua lake naligandamiza ili mstari unenepe, nakifikia kichwa chenye ncha nne zilizokumbatia kile kifundo cha juu, na kila ncha naimalizia kwa kuinyanyua kalamu taratibu mpaka mstari uishe wenyewe. Ukijaribu hivyo kwa mausi, karafuu inakuwa msumari. Iliki na mdalasini vinakwenda haraka. Nafanyia kwenye Inkscape, programu ya bure, na kwa kazi za lebo inanitosha.

Saa 7:00
Umeme unakatika. UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, inalia, nahifadhi faili, nachomeka diski ya nje nanakili kazi ya asubuhi, nazima. Naenda kula wali maharage.

Saa 8:30
Umeme umerudi, na imebaki sehemu ambayo madizaina wengi huiachia dakika za mwisho: msimbo pau, ile mistari inayosomwa na mashine kaunta. Wa mama unaanza na 620, tarakimu za Tanzania. Ukubwa wake wa kawaida ni milimita 37.29 kwa 25.93, na unaruhusiwa kuupunguza hadi asilimia 80, si chini ya hapo. Mistari naiweka nyeusi juu ya nyeupe. Mama aliomba iwe myekundu ipendeze, nikamweleza kwamba mashine nyingi za kaunta husoma kwa mwanga mwekundu, hivyo mistari myekundu kwazo ni kama haipo. Pia naulaza msimbo, mistari ikae kama vipago vya ngazi, kwa sababu chupa ni ya duara nayo mashine lazima iione mistari yote kwa mkupuo mmoja.

Saa 10:00
Nashuka kwa mchapaji na flashi mkononi. Fundi anatoa nakala moja ya majaribio. Natoa lenzi ya kukuza mara kumi, naiweka juu ya herufi ndogo za viambato.

"Umeona nini dada?"

"Herufi safi, fundi. Ila kwenye ukingo wa iliki kuna uzi wa pinki."

Anachungulia naye, anarekebisha mpangilio wa rangi, anatoa nyingine. Uzi umetoweka. Nakata, nazungushia kwenye chupa: zile milimita 5 zimelala sawasawa. Msimbo nausoma kwa simu, unakubali. Picha simtumii mama, simu yake ina kijani chake. Nampa bodaboda chupa yenyewe ampelekee.

Saa 11:40 jioni
Mama anapiga. Kijani amekipenda, karafuu ameitambua bila kuambiwa. Ila anataka neno "Pilau" liwe kubwa zaidi, wateja wake wengi ni watu wazima na miwani huwa wanaiacha nyumbani. Ana haki. Nafungua faili tena.