Siku yangu na selotepu

Saa 2 asubuhi. Manchester mvua, kama jana, kama juzi. Natundika koti, navaa glavu, natoa selotepu. Udaktari wangu wa fizikia, nikiri tu, nusu yake ni kubandika na kubandua.

Saa 2:30. Nabandika kibanzi cha grafaiti, ule weusi wa kwenye penseli, juu ya selotepu. Nakunja, nabandua. Nakunja, nabandua. Mara kumi hivi. Grafaiti ni tabaka za atomu za kaboni zilizolaliana kama chapati kwenye hotpoti: ndani ya chapati moja atomu zimeshikana kwelikweli, lakini chapati na chapati zimeegemeana tu. Ndiyo maana penseli inaandika. Ukiiburuta, chapati zinabaki kwenye karatasi. Mwaka 2004, mjini humu humu, Andre Geim na Konstantin Novoselov walibandua mpaka wakaifikia chapati moja, unene wa atomu moja: grafini. Mwaka 2010 wakapewa Nobel. Kuufikia unene wa karatasi ya daftari unahitaji tabaka laki tatu hivi.

Saa 4. Nagandamiza selotepu juu ya kipande cha silikoni, ili chapati zihamie humo. Kimepakwa oksidi ya nanomita 290 (nanomita ni milimita moja kugawa kwa milioni). Unene huo si wa kubahatisha. Mwanga unaorudi kutoka juu ya oksidi na ule unaorudi kutoka chini yake hukutana kwa namna inayokifanya kitu cha atomu moja kionekane.

Saa 5. Hadubini. Shingo inauma.

Saa 7 mchana shangazi anapiga kutoka Morogoro.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hivi mwanangu, huko unafanya kazi gani hasa?"

Namuuliza kama ukutani kwake kuna mjusi. Hawakosi. Basi, namwambia, yule hana gundi miguuni. Ana vinyweleo vidogo mno, na atomu za ncha zake zikiukaribia ukuta kabisa, elektroni za huku na za kule huyumbishana na kuvutana kidogo. Wanaita nguvu za van der Waals. Kila unyweleo huvuta kidogo sana, lakini viko vingi. Nguvu hizo hizo ndizo zinazozishika chapati zangu, na grafaiti yenyewe iko mkoani kwake, Mahenge.

"Kwa hiyo unasomea mijusi."

Saa 8, kwenye hadubini, naipata grafini. Doa hafifu, kama la zambarau kwenye shati jeupe lililofuliwa mara tatu. Upana wake mikromita 20, robo ya unywele.

Saa 9. Naipiga leza na kusoma mwanga unaorudi, njia aliyoigundua mwanafizikia Raman wa India. Kwenye grafu ya mwanga huo, kilele kimoja kimekizidi kingine mara mbili, dalili ya grafini. Ni tabaka moja! Napiga ngumi hewani, peke yangu.

Saa 10:30. Nainua kipande kwa kibanio. Kinachoropoka. Grafini ni nyepesi kiasi kwamba mvutano wa dunia kwake si kitu, kunata ndiko kunakotawala. Lakini silikoni yenye ukubwa wa kucha inaanguka kama sufuria. Imeanguka kifudifudi. Narudi kwenye hadubini: palipokuwa na zambarau pana mchubuko.

Saa 11 namwandikia shangazi: "Mjusi kaanguka."

Anajibu: "Umekula?"