Mche ulioshika ndio uliolipwa

Picha za Wangari Maathai wa Kenya zinazosambaa kila Septemba, mwezi aliofariki, humwonyesha amepiga magoti kando ya mche, kilemba kichwani, anatabasamu. Chini huandikwa kwamba ndiye mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani, mwaka 2004. Ni kweli tupu, na ni fahari yetu sote. Ila kupanda mti mbele ya kamera ni kazi ya dakika kumi. Kazi aliyoifanya Wangari ni kujenga utaratibu ambao mama wa kijijini, hata asiyejua kusoma, aliweza kuufuata tangu mbegu hadi malipo, na ambao haukumlipa yeyote aliyepanda akasahau. Utaratibu huo hausemwi sana, na ndio unaonigusa kuliko medali zote.

Alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Karibu na kwao palikuwa na mugumo mkubwa, aina ya mtini wa porini, ambao hakuna aliyethubutu kuukata, kwani kwa Wagikuyu ni mti wa Mungu. Pembeni yake palibubujika chemchemi. Miaka mingi baadaye mwenye shamba mpya aliukata ili apande chai, na kijito kikakauka. Mizizi ya mugumo hupenya mwamba hadi kwenye maji ya chini, na maji hupata njia ya kupanda juu. Wazee waliokataza mti huo usiguswe na shoka walikuwa wanalinda maji, hata kama hawakulieleza jambo hilo kwa maneno ya maabara.

Maneno ya maabara Wangari alikuwa nayo. Alihitimu chuo Kansas, Marekani, mwaka 1964, akachukua uzamili Pittsburgh, huko huko, mwaka 1966, kisha akarudi Nairobi na barua ya kazi mkononi. Alipofika, nafasi ile alikuwa amepewa mtu mwingine. Akapokewa katika idara ya anatomia ya mifugo, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu. Alipozunguka vijijini kukusanya kupe kwa ajili ya utafiti, aliona ng'ombe waliokonda na mito iliyogeuka rangi ya udongo. Tatizo halikuwa kupe peke yake. Majani yalikuwa yamekwisha, na udongo ulikuwa unakwenda na maji.

Jaribio lake la kwanza la miti lilikufa, na inafaa tulitazame kwa makini maana linafundisha. Kitalu kilikuwa Msitu wa Karura, Nairobi. Ukame ukaingia, maji yakawa ya mgao, naye mwaka 1976 akasafiri kwenda mkutano Vancouver, Kanada. Aliporudi, miche ilikuwa imekauka. Mtu yeyote wa vitalu anajua sababu: miche 1,000 katika mifuko midogo inataka karibu madebe mawili ya maji siku ya jua kali, na haisubiri mtu arudi safarini. Kitalu kikae kando ya maji na kando ya nyumba ya anayekitunza. Kikikosa kimojawapo, usianze.

Kisha ikaja tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani. Akiwa na Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, walipanda miti saba Kamukunji, Nairobi. Iliyosalia ni miwili. Uwanja wa umma una wapandaji wengi siku ya sherehe, na kesho yake hauna mwenye kumwagilia.

Kutoka hapo kazi ikahamia kwa wanawake wa mashambani. Mwanzoni idara ya misitu iliwapa miche bure, lakini walipohitaji mingi kuliko ilivyotarajiwa, ikaanza kuwauzia. Wakaamua kuotesha wenyewe. Mabwana misitu waliokuja kufundisha walizungumza lugha ngumu ya vipimo, na akina mama wakarudi kwenye ujuzi wa shamba: waliokota mbegu chini ya miti ya asili, wakaotesha katika vyungu vilivyovunjika na mikebe, wakaiweka juu ambako mbuzi na kuku hawafiki. Wangari aliwaita wanamisitu wasio na diploma, na ukizijua shughuli za kitalu utaona hakuwa anawapamba.

Chukua mbegu ya muiri, mmoja wa miti hiyo ya asili. Ukiianika juani kama maharagwe umeiua. Itolewe nyama ya tunda, ioshwe, iatikwe ikiwa mbichi, kwa sababu uhai wake hauwekeki ghalani. Mbegu ya kibobakasi, ambao wengi Kenya huuita Nandi flame, ni nyepesi kama karatasi, kwa hiyo hufunikwa na mchanga mwembamba tu. Ukiizika chini sana haitoki. Mugumo wenyewe huoteshwa vizuri kwa kipande cha tawi nene.

Udongo wa kujaza mifuko ya miche mara nyingi huwa sehemu tatu za udongo wa juu kutoka msituni, sehemu moja ya samadi na sehemu moja ya mchanga. Samadi iwe imeoza kabisa. Iliyo mbichi hupata joto na kuunguza mizizi. Wakati wa kuhamisha mche kutoka kwenye kitanda cha mbegu, ushike jani. Usishike shina, kwani shina likiminywa mche umekwisha, lakini jani litaota jingine. Tundu unalotoboa kwa kijiti ili kuupandikiza liwe refu kuliko mzizi, la sivyo mzizi hujikunja chini kama ndoana na mti utakuja kudumaa miaka miwili baadaye bila mtu kujua chanzo.

Vifo vingi vya kitaluni hutokana na maji mengi. Mche unalainika shina pale linapogusana na udongo, unaanguka ungali kijani, na wa pili yake unafuata. Punguza maji, punguza kivuli, ondoa iliyoanguka pamoja na udongo wake. Kila baada ya wiki tatu hivi inua mifuko na ukate mizizi inayotoka chini. Ukiacha, mche hushikamana na ardhi, na siku ya kuung'oa unaacha nusu ya mizizi. Wiki nne kabla ya mvua, anza kuuzoesha jua na kupunguza maji. Mche uliolelewa kama mtoto wa kivulini hufa wiki ya kwanza shambani.

Sasa tuje kwenye utaratibu wa Green Belt Movement, vuguvugu la kupanda miti lililotokana na kazi hiyo ya Wangari, na hapa ndipo akili yake ilipoonekana. Kikundi kilikuwa kikitangaza kwamba miche ipo. Aliyetaka alichimba mashimo kwanza. Watu wa kikundi walikwenda kuyakagua, na asiyekuwa na shimo hakupewa mche. Anayejua jasho la kuchimba shimo la futi mbili kwa mbili, udongo wa juu akiuweka upande huu na wa chini upande ule, hachukui miche ishirini ya kwenda kuozea nyuma ya jiko. Baada ya kupanda, kikundi kilirudi kuhesabu iliyoshika, na hesabu ile ndiyo iliyolipwa. Kila mche uliosalimika ulimpatia mama takriban senti 4 za Marekani. Pesa ndogo, lakini kwa wengi ilikuwa ya kwao wenyewe, bila kumwomba mtu.

Laiti kampeni zetu za leo zingeiga jambo hilo moja! Tunatangaza miche iliyopandwa. Yeye alihesabu iliyo hai. Kufikia wakati wa Nobel, miti ya vuguvugu lake ilikadiriwa kupita milioni 30.

Vikwazo vya siasa vinajulikana zaidi. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1979, mume akamtaka aache jina lake, naye akaongeza herufi moja, Mathai ikawa Maathai. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma jijini Nairobi. Aliandika barua kwa ofisi moja baada ya nyingine akaenda mahakamani, na kesi ikatupwa. Bungeni vuguvugu lake likaitwa kundi la wanawake walioachika, na Green Belt ikaamriwa kuhama ofisi ya serikali. Alihamishia kazi nyumbani kwake South C, na akina mama wakaendelea kuleta hesabu za miche pale pale sebuleni. Jengo halikujengwa.

Karura, alikopoteza miche yake ya kwanza, alirudi miaka ya 1990 ilipofikia mwisho, vipande vya msitu vikiwa vimegawiwa watu binafsi. Silaha yake ilikuwa jembe na mche. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda kupanda na wenzake, wakavamiwa, akapasuliwa kichwa. Alikwenda kuandikisha taarifa polisi na kuitia saini kwa damu yake mwenyewe.

Msitu ule wa zaidi ya hekta 1,000 upo. Mikaratusi iliyopandwa zamani inaondolewa sehemu kwa sehemu, na mahali pake inawekwa miche ya miti ya asili, muiri ukiwamo.