Safari yangu ya Kidike, Pemba, kwa walinzi wa popo

Boti imetoka Malindi, bandari ya Unguja, saa 1 asubuhi, bahari shwari mpaka tulipofika usawa wa Nungwi, pale ndo mkondo wenyewe na pale kila ukipita utaona watu wananyamaza, wengine wanashika tasbihi, mana waliozama na meli ya MV Spice Islander 2011 wengi wetu tunawajua kwa majina. Bibi aliekaa pembeni yangu alisoma mpaka tulipoiona Pemba. Saa 3 na kitu tukashuka Mkoani, juani, na harufu ya karafuu ikatupokea gatini, nlikwenda mwezi wa kumi na moja kwaiyo majamvi yametandikwa kila pahala barabara nzima hadi Chake.

Mama yangu mtu wa Chake, mie nimezaliwa Unguja, Pemba nlikua nakwenda kwa harusi na misiba tu. Safari hii nlikua na shughuli yangu. Mwaka jana mjomba alinambia kwenye simu kua popo wamekua wengi tena na wamerudi kwenye mshelisheli wake, akasema kuna watu Kidike kazi yao ni kuwalinda. Nikamuuliza kuwalinda na nani? Akacheka akasema, "Na sie." Hilo neno lilikaa kichwani miezi.

Ndani ya gari ya 603, daladala ya Mkoani kwenda Chake, tukaanza mjadala bila ya kutaka. Kijana mmoja aliniuliza nakwenda wapi, nikamwambia kesho Kidike kwenye popo, akasema ah, ndege wale wananuka. Nikamwambia popo si ndege, ni mnyama, akakataa kabisa, anasema ana mbawa, anaruka, anakula maembe, sasa mnyama gani huyo? Mama mmoja nyuma kapakata kikapu cha makonyo ya karafuu akamkata kauli, "Ndege gani umemuona ananyonyesha?" Gari zima kimya alaf likacheka. Na ndo ukweli, popo ananyonyesha, anazaa mtoto mmoja, na mtoto akiwa mchanga anang'ang'ania kifuani kwa mama yake huku mama anaruka nae usiku kutafuta chakula. Kwakweli kila nikifikiria hilo nahisi kitu.

Kesho yake nimepanda gari ya Wete inayopita barabara ya zamani, nimeshushwa njia panda alaf mwendo kwa miguu, njia ya udongo mwekundu, mikarafuu huku na huku, watoto wanaokota karafuu zilizopukutika. Kabla hujaona kitu unasikia. Kelele kama watu wanagombana sokoni lakini kwa sauti nyembamba, alaf harufu, nzito, kama mapera yaliyoiva yakakaa gunia. Nilipoinua kichwa nikaona miti mirefu imejaa kitu cheusi na chekundu kinaninginia, mamia, wamejifunika mbawa kama wazee waliojifunika mashuka baridi ya asubuhi.

Mlinzi alonipokea ni mzee wa miaka sitini hivi, kanzu fupi, kofia, kandambili, mkononi ana kijiti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanambia kwanza nikae, ninywe madafu, popo hawendi popote mpaka magharibi. Nilikua na darubini ya kuazima akaniwekea sawa mwenyewe. Ndo nikaona vizuri: uso kama wa mbwa mdogo, macho makubwa yanang'aa, manyoya ya kifua na shingo rangi ya hina, mbawa nyeusi. Wanajipepea kwa mbawa kwenye joto, wanajiramba, wanasukumana nafasi. Mmoja alikua na mtoto, kichwa tu kinatokeza kwapani.

Mzee akanieleza kitu ambacho nlikua sikijui, kua hawa si kama popo wa mapangoni wanaopita gizani kwa kusikiliza mwangwi wa sauti zao. Hawa wanatumia macho na pua. Ndo mana wanalala nje mitini, ndo mana macho yao makubwa vile. Na popo huyu hapatikani pengine popote duniani isipokua Pemba. Ndugu zake wa karibu wapo Komoro, Madagaska, Mafia kuna aina nyengine, wengine huko Asia na Australia, lakini bara Afrika nzima, hapo ng'ambo kilomita 50 tu, hakuna hata mmoja wa ukoo huu. Jina lake la kitaalamu, Pteropus voeltzkowi, limetokana na Mjerumani Alfred Voeltzkow aliepita visiwani hapa mwanzoni mwa karne ya ishirini, na maandiko ya kumtambulisha yalitoka 1909. Mzee jina lile alilitamka bila kukwama hata kidogo, akanambia amelifundisha kwa wajukuu.

Alaf akanieleza habari yenyewe. Na nataka niiandike kama alivyoisema kadri ninavyokumbuka, mana hii ndo sehemu iliyonileta.

Yeye mwenyewe alikua anakula popo. Hakuficha. Anasema zamani popo alikua kitoweo, wapo waliosema haifai na wapo waliopika, na kwao walipika. Mtu akiwapata wawili watatu anakula na watu wake basi. Lakini miaka ile ya sabini na themanini bunduki zikawa zinakuja mpaka kwenye malalo, mchana, popo wamelala wamejazana, risasi moja ya marisau wanaanguka wengi kwa mpigo, na wanaobaki wanahama, wakihama wanafuatwa. Huku nako miti mikubwa inakatwa, mivule, misufi, watu wanataka mbao na mashamba. Mnyama anaezaa mtoto mmoja hawezi kulipa deni la namna ile. Kufika mwisho wa themanini ilikua unaweza kuzunguka siku nzima ukawaona wa kuhesabika. Mzee anasema ilikua magharibi inaingia na juu hakuna kitu, "mbingu tupu, na hatukujua kama tunaikosa mpaka tulipoulizwa."

Aliewauliza ni watu wa misitu wa Zanzibar pamoja na shirika la Uingereza la Fauna & Flora International, miaka ya tisini. Walikuja kuhesabu, 1995 wakapata popo kama 5,000 hivi kisiwa kizima. Popo huyu akawekwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kabisa kutoweka. Kilichonigusa ni kua hawakuja na askari. Walikaa barazani, wakaenda skuli, vijiji vikaunda klabu za popo, na kijiji kikakubali chenyewe kua malalo yale ni yake na yeye ndo atayachunga. Malalo mengine Pemba yapo juu ya makaburi ya wazee, na yale yamepona zaidi mana nani atakata mti wa makaburini au kufyatua bunduki pale. Ilipofika 2007 wakahesabu tena wakapata kama 20,000. Kutoka 5,000 hadi 20,000 ndani ya miaka 12, kwenye kisiwa chenye watu wengi vile na kila mtu anataka shamba. Kwenye orodha wakashushwa daraja, bado wanahesabiwa kua dhaifu lakini si tena wa kutoweka kesho. Mie sijui kazi nyengine ya wanyama hapa kwetu iliyofanikiwa kwa gharama ndogo kama ile, na haizungumzwi, kila siku tembo na simba wa bara.

Saa 10 hivi ikaja gari ya wageni wanne na mtembezaji wao. Wakapiga picha, alaf yule mtembezaji akamwambia mzee awapigie makofi popo waruke, wageni wapate picha nzuri wakiwa angani. Mzee akasema hapana. Yule akasisitiza, akasema mahali pengine wanafanya, akatoa na noti. Mzee hakuipokea, hakukasirika pia, akawaeleza wageni kwa Kiingereza chake cha polepole kua popo mchana ni usingizi wake, ukimtisha akaruka juani anapoteza nguvu ya usiku, na wenye watoto wachanga mtoto anaweza kudondoka, na akidondoka ndo basi, mara nyingi mama hashuki chini kumfata. Wageni walielewa, mmoja wao akaomba radhi. Aliebaki kanuna ni yule mtembezaji, mwenyeji wetu. Nimeona vibaya sana, nasema wazi. Anaeishi kwa wanyama hawa ndo wa kwanza kutaka wasumbuliwe, na aliemzuia analipwa kidogo kuliko yeye, mana kiingilio kinagawiwa, sehemu inabaki kijijini, mlinzi anapata cha kununulia unga na sukari. Nilimuuliza mzee mbona hakuchukua ile noti, akanambia, "Ningechukua, kesho wangekuja kumi na noti kumi."

Kuna kazi nyengine wanafanya ambayo mgeni haioni. Kwenda kumbembeleza mtu asikate msufi wake. Kusuluhisha na wenye maembe, kwasababu popo anakula embe, shelisheli, tini za msituni, na mwenye mti wake haoni uhifadhi anaona hasara, na ana haki. Mzee anawaambia popo anapendelea lililoiva kabisa, chuma mapema upeleke sokoni. Na anawaambia kua mbegu za tini na za miti ya msituni anazimeza au kuzitema mbali, usiku mmoja anazunguka masafa, ndo anaepanda miti ambayo mtu hapandi. Wengine wanaelewa. 2020 ilikua taabu kubwa, corona ilipokuja maneno yakazagaa kua popo ndo wameleta, kuna waliotaka kuwafukiza moshi, na wazee watatu wakawa wanalala pale pale chini ya miti kwa zamu. Sheria yao tangu zamani ni kua humgusi popo hata akianguka, unaita mlinzi, kwaiyo hiyo ndo ikawa hoja yao, hatuwagusi, hawatugusi, waacheni.

Ilipokaribia magharibi mzee akanipa kokoto. Kwanza sikuelewa. Akanambia leo utanisaidia kuhesabu, kila wakipita kumi unatoa kokoto mfuko wa kulia unatia wa kushoto, usiangalie kingine, usizungumze, chagua upande mmoja wa mbingu. Yeye akachukua kibonyezo cha kuhesabia, kile cha chuma, lakini na kokoto pia, anasema kibonyezo kinaharibika, kokoto haiharibiki. Akaswali kwanza, mie nimesubiri, na juu wameshaanza kuchangamka, wananyoosha mbawa, kelele zinazidi.

Wakaanza kutoka mmoja mmoja. Alaf watano. Alaf sijui nieleze vipi, mbingu ya rangi ya chungwa na wao weusi wanapita taratibu, mbawa zinapiga pole pole kama mtu anapiga kasia, hawana haraka, hakuna mlio tena, unasikia upepo wa mbawa tu juu ya kichwa, wanatawanyika wengine kwenda Wete wengine upande wa bahari. Nlikua nahesabu huku machozi yananitoka na sikujali, nimeendelea kuhamisha kokoto. Mwisho tukalinganisha, zangu zilikua pungufu kwa 14. Mzee akasema mtu wa kwanza daima anapunguza, kwasababu anaangalia mmoja mmoja. Akaandika yake kwenye daftari la skuli la jalada la bluu, tarehe, hali ya hewa, idadi. Madaftari kama yale anayo sanduku zima, nimeona.

Siku ya tatu nimekwenda Ngezi kupitia Konde, sitaeleza sana mana mvua ilinikuta na nilikaa saa mbili tu. Msitu mzuri, mivule, mipapindi, miti ya jamii ya mnazi, ambayo asili yake ni Pemba tu, na wapo kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar, walioletwa kutoka msitu wa Jozani, Unguja, miaka ya 1973 na 1974, wale sikuwaona. Askari wa misitu wawili niliokutana nao walikua na baiskeli moja kwa wote wawili.

Usiku wa mwisho nimelala kwa mjomba Chake. Tumekula shelisheli la nazi na samaki, umeme ulikatika, tukatoa jamvi uani. Nikamsimulia kila kitu, mbingu, kokoto, makofi. Mjomba ana miaka kama hamsini na tano, na yeye alikua akifuata wenye bunduki akiwa mtoto, kazi yake kuokota wanaoanguka. Alinambia hilo usiku ule kwa mara ya kwanza, polepole, anaangalia chini. Kuna wengine walikua bado wazima wakiokotwa.

Baadae kidogo tukasikia mbawa. Mshelisheli wake upo nyuma ya jiko, mrefu, na juu kabisa kuna matunda ambayo hakuna anaeyafikia. Shangazi akataka kwenda kupiga debe kuwafukuza, mjomba akamwambia kaa, waache wale, yale ya juu si yetu. Akainuka, akavaa kandambili, akasimama chini ya mti bila tochi, kainua uso muda mrefu. Aliporudi nikamuuliza wapo wangapi.

"Watano," akasema. "Jana walikua watatu."